Kumbukumbu imeachiwa, mbona haishuki?

Shikamoo mwalimu. Programu yangu, iliyoandikwa kwa lugha ya Go 1.14, imeshaachia kumbukumbu (RAM), lakini seva bado yaonyesha imeshika GB 3. Inavuja? (Likoni)

Marahaba mwanangu. Kabla hujaanza kusaka tundu, njoo tukae mkahawani Mji wa Kale. Umemaliza kahawa, umesukuma kikombe, umetoka nje kupokea simu. Mhudumu amekuona, ila kikombe hakigusi. Viti vitupu viko tele, ana haraka gani? Watu wakimiminika baada ya Isha ndipo atakapokusanya. Ukirudi kabla ya hapo ukajimiminia tena, meza ni yako.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachogawa kumbukumbu, hufanya hivyo programu inapoipa ushauri kwa wito wa madvise wenye chaguo la MADV_FREE, lililoingia toleo la 4.5 mwaka 2016. Kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, aghalabu za baiti 4,096 kila moja, hutiwa alama kwamba zaweza kuchukuliwa, kisha huachwa papo hapo hadi RAM ibane. Kwa hiyo hesabu haishuki. Go walianza kuitumia toleo la 1.12, hesabu zikawachanganya watu, wakarudi kwa MADV_DONTNEED, chaguo la kuzichukua kurasa mara moja, toleo la 1.16. Weka mpangilio wa GODEBUG=madvdontneed=1, ili Go yako itumie hilo MADV_DONTNEED, washa programu upya, uipe muda. Kitakachoshuka hakikuwa uvujaji. Waweza pia kutazama mstari wa LazyFree ndani ya smaps, faili la hesabu za kumbukumbu la programu hiyo, ila tarakimu yake huweza kupungua kuliko hali halisi, usiiapie.

Nikiusoma ukurasa nilioachia, nakuta nini? (Tudor)

Ama data yako ya zamani, ama sifuri tupu. Kusoma hakuukomboi ukurasa. Kuandika ndiko kunakoukomboa, maana huwasha alama ya "mchafu", na kerneli ikija kukusanya ikaiona, huuacha.

Mtego uko hapa. Ukiandika baiti moja tu, zile 4,095 zilizobaki huenda ni za zamani, huenda ni sifuri. Mie yalinipata: niliandika kichwa cha rekodi nikidhani mwili ungalipo. Mchana mambo shwari. Usiku, kazi za kuhifadhi nakala zikibana RAM, rekodi zikawa vichwa visivyo na viwiliwili. Nilimlaumu kila mtu ila mimi.

Jirani yangu kwenye seva aweza kupewa ukurasa wenye nywila zangu? (Changamwe)

La. Meza hupanguswa kabla mgeni hajaketi: kerneli huujaza ukurasa sifuri kwanza. Lakini nywila yaweza kulala kwenye RAM kwa saa nyingi, kwa hiyo ifute mwenyewe kabla ya kuachia.

Si bora kurasa zichukuliwe mara moja tu? (Nyali)

Dada, ukurasa uliochukuliwa ukihitajiwa tena, programu husimama, kerneli itafute mwingine, iujaze sifuri, ndipo kazi iendelee. Programu inayoachia na kuomba mfululizo hulipa gharama hiyo kila mara. Na ukurasa wa MADV_FREE usioandikwa tena hutupwa bila kuandikwa diskini kwanza. Hata hivyo, kwenye seva ndogo iliyobanwa na programu nyingi, mie nachagua MADV_DONTNEED. Napenda hesabu ninayoweza kuisoma saa nane za usiku nikiwa na usingizi.