Sadaka ya Desemba na sadaka ya Februari

Desemba ikifika Moshi inajaa. Watu wanapanda kutoka Dar, Mwanza na hata Nairobi, na sharika za Machame hadi Mwika zinakosa pa kuegesha magari. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda, nimehesabu sadaka za Krismasi na za Februari, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona kutoka upande wa meza ya fedha.

Baada ya ibada kuna mnada. Mkungu wa ndizi mchare unaanzia elfu kumi, kijana wa mjini anataja hamsini, binamu yake anaruka mpaka laki. Aliyeshinda anaurudisha, unauzwa upya. Mnada naupenda, na kuna vyoo vya kanisa vilivyojengwa kwa mayai na ndizi. Shida huanza majina yakishasomwa. Mtu anakufuata ofisini: mbona langu limesomwa baada ya la fulani? Mwingine anataka kujua kwa nini kiasi hakikutajwa. Na wapo waliokopa ili watoe mbele ya ukoo, halafu Januari ada ya mtoto inawatoa jasho.

Nawashauri hao wasome 1 Samweli 15. Mfalme Sauli anaambiwa na nabii Samweli kwamba Bwana amemkataa asiwe mfalme. Anakiri kwamba aliwaogopa watu akawatii. Halafu, akiwa bado amesimama palepale, anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee na mbele ya Israeli. Ufalme umeshaondoka, yeye anahangaikia wazee watamwonaje! Kila nikiisoma sura hiyo nawakumbuka watu kadhaa, na siwataji.

Usinielewe kwamba kila jema lifanyike gizani. Yesu aliyesema tusifanye wema ili tutazamwe na watu, katika Mathayo 6, ndiye aliyesema katika sura ya 5 nuru yetu iangaze mbele ya watu wamtukuze Baba. Kuonekana si dhambi. Jiulize tu: kama jina lako likirukwa, utatoa tena mwakani?

Kuna upande mwingine ambao hatuuhubiri sana. Yohana 12 inasimulia wakuu waliomwamini Yesu wakanyamaza, wasije wakatengwa na sinagogi, kwa kuwa walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu. Hawakujionyesha hata kidogo, walikaa kimya. Sisi nasi tunakaa kimya hivyo kwenye vikao vya ukoo, mjane anapopunguziwa kihamba, yaani shamba la familia, mbele ya macho yetu, kwa sababu anayempunguzia ndiye mwenye sauti na ndiye aliyenunua ng'ombe wa sikukuu. Kwangu mimi huo ni ugonjwa uleule, tena mbaya zaidi, maana ukimya tunausifu kuwa ni busara. Ukiwa kwenye kikao cha namna hiyo, sema mapema, kwa adabu, kabla wazee hawajafunga kwa sala. Utanuniwa. Shemeji yako anaweza asikupigie simu mpaka Pasaka.

Kuhusu fedha, nina machache. Usiahidi palepale kipaza sauti kinapokufikia. Kama unaweza, jadili na mwenzi wako nyumbani siku moja kabla. Ukipenda jina lako lisisomwe, mwambie katibu mapema, naye ataandika "Mkristo". Na ukiwa na kwaya, kubali mara mojamoja kuimbia mazishi ya mtu asiye na ukoo mkubwa, hata kama hakuna wa kuwarekodi.

La mwisho ni la Februari. Wageni wamesharudi mjini, vikapu vimekuwa vyepesi, lakini umeme wa kanisa unalipwa kama kawaida na mwinjilisti ana watoto shuleni. Kama una laki mbili za kutoa mwaka huu, toa hamsini Krismasi, uchangamke na wenzako kwenye mnada. Inayobaki igawe kwenye bahasha za Februari mpaka Aprili, au uitume kwa simu kwenye namba ya usharika kama uko mbali. Risiti utapewa.