Wageni na Wenyeji: Tiketi ni ya Nani?

SWALI: Mhariri, hapa Kondele tulichanga nauli ya kwenda uwanja wa Kasarani, Nairobi, kuitazama timu yetu ya taifa, Harambee Stars, tukakosa tiketi, ilhali tuliona kwenye runinga sehemu nzima wameketi wageni. Je, huo ni uungwana? — Msomaji, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wako naujua, maana hata mimi nimewahi kurudi kutoka Nairobi mikono mitupu. Hata hivyo, sehemu ya wageni hutengwa kwa ajili ya usalama kwanza, ili mashabiki wa pande mbili wasichanganyike; Ulaya, kanuni za UEFA, shirikisho la soka la huko, humtaka mwenyeji atoe walau asilimia 5 ya nafasi kwa wageni. Kilichowapunguzia Wakenya nafasi zaidi katika CHAN (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani) ya Agosti 2025 hakikuwa wageni, bali ni CAF, shirikisho la soka la Afrika, kupunguza idadi ya watazamaji Kasarani baada ya watu kuingia uwanjani kwa nguvu bila tiketi.

Tena usisahau kwamba Septemba 2024, viwanja vyetu vilipokuwa havijaidhinishwa, Stars iliikaribisha Zimbabwe pale Namboole, Kampala, na sisi wa magharibi tuliovuka Busia tulifurahi kupokewa. Kombe la Afrika la 2027 litaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, kwa hiyo huenda ukawa mwenyeji juma hili na mgeni juma lijalo. Nunua tiketi mapema kwa simu, kabla ya kuchanga nauli.