Kabla ya mshahara, niulizeni habari za kiti

Bwana Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo Mkenya anayefanya kazi Ghuba anaishi vizuri kuliko aliyebaki nyumbani. Nililisoma zamu ya usiku, nikalirudia mara tatu, na kila mara likaniudhi zaidi, kwa sababu anayeuliza hivyo huwa tayari ana mshahara kichwani. Nililinda jumba la makazi mjini Doha, Qatar, tangu mwaka wa 2019 hadi 2022, na mshahara wangu nautaja mapema ili tuachane nao: riyali 1,300 pamoja na posho ya chakula, wakati riyali moja ilikuwa shilingi 28 au 30 hivi. Ninalotaka kueleza ni jinsi siku yenyewe ilivyopita.

Tuliamka saa nane na nusu usiku. Chumba cha kambi kilikuwa na watu wanane kwenye vitanda vya ghorofa, na bafu moja lilihudumia vyumba viwili, kwa hiyo aliyechelewa dakika kumi alipanda basi bila kuoga. Basi liliondoka saa tisa na nusu, likazunguka mji likishusha walinzi mmoja mmoja kwenye malindo yao, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa mwisho. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kisha mzunguko ule ule kinyumenyume, hata nikifika kambini ni saa mbili usiku. Sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 inaweka saa 48 kwa wiki, na hata zikiongezwa za ziada, siku haitakiwi kuzidi saa 10. Lakini sheria hiyo hiyo haihesabu muda wa kwenda na kurudi kazini. Zamu yangu ya saa 12, ambayo tayari ilikuwa imezidi saa hizo, ilinichukua saa 16 na nusu. Baada ya hapo nilipanga foleni ya jiko, nikafua shati la sare, nikalianika mbele ya kiyoyozi na kulala saa nne. Nafuu ilikuwa kwamba saa ya Doha na ya Nairobi ni moja, na mama yangu hapa Majengo huamka usiku kwa ajili ya mahamri yake ya kuuza, kwa hiyo tuliandikiana kila alfajiri, mimi basini na yeye karaini.

Sasa habari za kiti. Mlinzi katika jumba lile hakuruhusiwa kukaa. Lindo langu lilikuwa mdomo wa gereji ya chini, na mwezi wa Agosti mwaka 2020 wajenzi wa kiwanja cha jirani walikuwa wakipumzishwa kisheria tangu saa tano na nusu hadi saa tisa, kwa ajili ya jua. Mimi, kwa kuwa dari ya gereji ilinitilia kivuli, nilihesabiwa kuwa niko ndani. Katika jumba hilo aliishi mzee mmoja, Mmisri, aliyekuja kukaa na mwanawe, na kila asubuhi alishuka kununua mkate. Aliniita "sadiki", yaani rafiki, kama wafanyakazi wote wanavyoitwa kule, ingawa masikioni mwangu neno hilo lilikuwa kama kuamrishwa kuamini. Siku moja alitoka kwenye lifti akikokota kiti cha meza ya kulia, cha mbao, chenye kitambaa cha kijani, akakiweka mbele yangu na kusema, "Kursi." Neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Nikakataa kwa mikono. Yeye akakikalia mwenyewe, akakunja mikono, na kunijulisha kwa macho kwamba haondoki mpaka nikubali. Tulisimamiana hivyo, yeye amekaa, hata watu wa magari wakaanza kucheka. Nikakubali. Alipoona nimekaa, alinigusa bega na kupanda juu.

Nilikaa dakika nne, pengine tano, kwa mara ya kwanza kazini tangu nifike Doha. Usiku picha yangu ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la walinzi wote, nimezungushiwa duara jekundu, na chini yake pameandikwa kwamba nimekatwa mshahara wa siku mbili. Aliyeipiga alikuwa msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu, ambaye naye aliwahi kusimama malindoni. Nilipomwendea alinijibu kwa Kiswahili safi: "Ndugu yangu, hata mimi napigwa picha."

Mzee hakukiondoa kiti. Niliendelea kusimama kando ya kiti hicho kwa miezi saba, hadi nikahamishwa lindo, na kila asubuhi mzee alipita, akakitazama, akanitazama, akakifuta vumbi kwa leso yake. Nadhani aliamini nimemdharau. Kiarabu changu kilikuwa cha sala tu, na katika sala sikufundishwa kusema "kukatwa mshahara".

Nilipoanza barua hii nilikusudia kusema hapana, hatuishi vizuri, na vijana wabaki. Lakini naandika nikiwa kibanda cha mlinzi Upper Hill, nimekaa, naam, juu ya stuli, na zamu yangu hapa pia ni ya saa 12. Basi la kunibeba sina, natembea kutoka Majengo mshahara ukichelewa, na huchelewa. Kiwanja changu cha Joska na karo ya chuo cha uuguzi ya dada yangu vilitoka Doha. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara kule ni riyali 1,000, na tangu 2020 mfanyakazi anaweza kubadili mwajiri bila idhini ya yule wa kwanza, angalau kwa maandishi ya sheria. Siwasemei dada zetu wa kazi za nyumbani, ambao mlango wao hufungwa na mtu mwingine. Hao waulizwe wenyewe.

Kwa hiyo Alhamisi nitamsindikiza mtoto wa mama mdogo Nyayo House akaombe pasipoti. Nimemtaka asitie sahihi mkataba kabla ajenti hajamweleza basi linaondoka saa ngapi na mlinzi anakaa au anasimama, aache nakala ya kila karatasi kwa mama yake, na anunue viatu Gikomba vinavyozidi mguu wake kwa namba moja, kwa sababu kufikia saa tisa mchana mguu huwa umevimba.