Barua kwa mwanangu: mganga kaisifu mashine, mbona haagizi?

Mwanangu,

Marahaba. Unauliza mbona mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya aliisifu konsentreta unayouza, mashine ya kutoa oksijeni kwenye hewa, akakukaribisha na chai, kisha kimya. Chai si LPO, hati ya kuagiza bidhaa, mwanangu. Hela ya hospitali imefungwa kwenye mpango wa mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1, na kisichoandikwa humo husubiri. Hospitali ya serikali huanzia Bohari ya Dawa. Kifaa kikikosekana huko ndipo humgeukia mshitiri, msambazaji aliyeteuliwa, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Bila usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, usipoteze nauli. Hospitali za misheni, kama Ndanda na Nyangao, zina utaratibu wao wa kununua. Kabishe hodi huko pia.

Lakini popote uendapo, mtafute kwanza fundi vifaa tiba. Yeye ndiye ajuaye mashine zipi zimelala stoo na zilikufa kwa nini. Konsentreta huisukuma hewa kwenye chembe za zeolaiti zinazonasa nitrojeni, ikatoka oksijeni ya asilimia 90 na zaidi kidogo. Zeolaiti hiyohiyo hupenda maji kuliko nitrojeni, na hewa ya Lindi na Mtwara unaijua ilivyo na unyevu. Mashine ikikaa miezi bila kuwashwa, oksijeni hushuka. Chini ya asilimia 82 haifai kwa mgonjwa. Ubaya ni kwamba kipimo cha lita hakionyeshi kasoro, mtiririko ni uleule. Kwa hiyo beba kipima oksijeni inayotoka kwenye mashine, weka lita 5 kwa dakika, subiri robo saa, fundi na muuguzi wasome wenyewe.

Kwenye ankara kifani, yaani ya makadirio ya bei, weka pamoja stabilaiza ya kutuliza umeme, oksimita ya kupima oksijeni kwenye damu ya mgonjwa, na vichujio viwili vya vumbi: kimoja kikioshwa kila wiki, kingine kinafanya kazi. Ukivitenga vitakatwa, kisha lawama zitakuja kwako.

Zahanati yenye sola ya taa usiipelekee konsentreta. Ya lita 5 hula wati 300 na ushee mfululizo. Huko peleka oksimita, mashine ya presha na mizani ya watoto. Mhudumu wa afya ya jamii hanunui, ila atakwambia kipi kinaharibika haraka. Zahanati binafsi za Newala na Tandahimba zifuate hela ya korosho inapotoka, kuanzia Oktoba.

Huyo mganga wako mrudie kabla mpango wa mwaka ujao haujafungwa, na ankara uwape pia mfamasia na ofisa ununuzi.

Mama yako