Madogo wa katiba linganishi, hebu tuongee kuhusu ile "tatu ya tano"

Nimesahihisha asaimenti zenu mpaka kichwa kinaniuma. Nawapenda, ila nusu yenu mmeandika kitu kilekile, eti Katiba ya Marekani ya 1787 ilisema mtu mweusi ni tatu ya tano ya binadamu, mkaweka nukta mkasepa. Ngoja niwaambie mapema kabla hamjaumbuka mbele za watu.

1. Fungua ibara yenyewe. Ibara ya 1 kifungu cha 2, mistari michache tu. Inahusu kuhesabu watu wa kila jimbo ili kugawana viti bungeni: mweusi aliye huru alihesabiwa mtu mzima, ile tatu ya tano ni ya watumwa. Basi.

2. Uliza hiyo hesabu inamnufaisha nani. Hapa ndo niliumbuka mimi. Nilikuwa naprizenti kwenye semina, nimevaa suti ya kuazima, nikaitamka hiyo sentensi kwa uchungu mpaka sauti inatetemeka. Mwalimu akaniacha nimalize, alaf akauliza kwa upole kabisa, sasa pale Philadelphia, kwenye mkutano ulioandika Katiba, nani alitaka mtumwa ahesabiwe mzima? Nikajibu fasta, Kaskazini, si ndo kulikuwa na wapinga utumwa? Akarudia swali. Mimi nikadhani hajanisikia, nikajibu vilevile kwa sauti kubwa zaidi. Watu wakainamia madaftari. Kumbe ni Kusini bana, kwenye watumwa wengi! Viti vya Baraza la Wawakilishi vinagawanywa kwa idadi ya watu, na kura za kumchagua rais zinafuata hivyo viti, kwahiyo ukimhesabu mtumwa ambaye hapigi kura unamwongezea nguvu yule anayemmiliki, na waliokuwa wanasema asihesabiwe kabisa walikuwa wajumbe wa Kaskazini. Slaidi zangu zote zilizobaki zilijengwa juu ya lile jibu, na muda wangu ulikuwa haujaisha, ikabidi nizipitie moja moja huku najua ni uongo. Na kilichoniuma zaidi nilikisoma usiku ule, kwamba hiyo hesabu ilishapendekezwa 1783 kwenye mambo ya kodi, kila jimbo lichangie kulingana na idadi ya watu wake, na kule watu walewale wa Kusini walitaka watumwa wahesabiwe kidogo iwezekanavyo. Kwenye viti mtu kamili, kwenye kodi mali. Yani hiyo ndo asaimenti nzima, mngeandika hilo tu ningewapa maksi.

3. Sasa msirukie upande wa pili. 2021 mbunge mmoja wa jimbo la Tennessee, kwenye mjadala wa namna ya kufundisha habari za rangi shuleni, alisema maafikiano yale ya tatu ya tano yalifanywa ili kumaliza utumwa. Asome mbele kidogo basi: kifungu cha 9 cha Ibara hiyohiyo ya 1 kinaizuia Kongresi, yaani bunge la Marekani, kupiga marufuku uingizaji wa watumwa hadi 1808, na Ibara ya 4 inataka mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa anayemmiliki. Ndo unamaliza utumwa hivyo?

4. Someni hata vilivyofutwa. Januari 2011 Baraza la Wawakilishi waliisoma Katiba kwa sauti, ila wakaruka sehemu zilizopitwa na marekebisho, tatu ya tano ikiwemo, na mbunge Jesse Jackson Jr. akapinga palepale. Mimi nilikuwa upande wake, maana Marekebisho ya 14 ya 1868 yanasema wahesabiwe watu wote kamili, na kama hujasikia kilichokuwepo utajuaje yanarekebisha nini? Ingawa mbunge John Lewis, mpigania haki za weusi, kusoma Marekebisho ya 13, lile lililofuta utumwa, nakubali ilikuwa nzuri.

5. Msiache hukumu pinzani. Kwenye Dred Scott 1857, kesi ya mtumwa aliyedai uhuru wake Mahakama Kuu ya Marekani, mnamnukuu Jaji Mkuu Taney tu, eti weusi hawakuwa sehemu ya watu waliotunga Katiba. Jaji Curtis alimjibu kwamba kuna majimbo matano ambako weusi huru walikuwa wanapiga kura hata kabla ya Katiba hiyo. Nje ya mahakama nako ugomvi ulikuwa uleule: Garrison, mpinga utumwa, aliichoma Katiba hadharani tarehe 4 Julai 1854, wakati Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyeanza kama mfuasi wake, alishageuka anasema karatasi hiyohiyo ni silaha ya kupinga utumwa. Wote wawili hawautaki utumwa, wanagombea maana.

Mnarudisha Ijumaa. Na wewe uliyemweka Lincoln kati ya wajumbe wa Philadelphia, yule kazaliwa 1809, njoo tuonane.