Shangazi, vitoto vya sungura vimekufa na mwanangu hataki tena kukanyaga bandani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina kijana wa miaka 15 yuko shule ya bweni, na shule yenyewe kila mtoto anapewa kitalu chake cha bustani na mnyama wa kutunza. Mwanzoni sikupenda, nilimpeleka akasome siyo akasafishe mabanda, ila nikaona anabadilika, akipiga simu stori ni sungura tu mpaka dakika zinaisha. Sasa wiki mbili zilizopita sungura wake kazaa vitoto sita na vyote vikafa usiku ule ule, mwalimu anasema kijana alisahau kuweka sanduku la kuzalia. Tangu hapo hali vizuri, haongei, bandani haendi, wenzake ndo wanamlishia. Nataka nimuombe mkuu wa shule amtoe huko abaki na vitabu vyake. Nakosea?
Mama Kijana

JIBU: Marahaba mama yangu, na pole, pole sana na kwa kijana pia. Kama hujampigia mkuu wa shule naomba usipige kwanza.

Sungura anabeba mimba siku kama 30 hadi 32, kwahiyo sanduku linatakiwa liwe bandani kwenye siku ya 28 hivi, na nyasi kavu ndani, alafu mama mwenyewe ananyonyoa manyoya ya tumboni kwake anawatandikia wanawe. Vitoto vinazaliwa uchi, havioni, macho yanafunguka kama siku ya 10, sasa vikizaliwa kwenye sakafu ya waya bila kiota baridi inavimaliza kabla hakujakucha. Kwahiyo ni kweli kijana alisahau na ni kweli kule kusahau ndo kumeviua. Usimwambie "si kosa lako", anajua alichofanya, ukimwambia hivo ataona unambembeleza tu. Mwambie ulisahau, mwanangu, na najua imekuuma.

Ila kuna upande wa pili. Ile sehemu ya mbele ya ubongo inayoshika mipango na tarehe, kwa mtoto wa miaka 15 bado inakomaa, na inaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu. Ndo maana banda la shule linatakiwa liwe na karatasi ya tarehe mlangoni na mtu mzima anayepita kuangalia siku ya 28 imefika au bado. Mimi ningemuuliza yule mwalimu kwa heshima zote, nani alikuwa anahesabu siku pamoja na mtoto? Kumpa mtoto jukumu siyo kumwachia peke yake.

Sasa kwanini nakwambia usimtoe. Ukimtoa leo, atabaki akiamini kwamba alipokosea watu wazima waliona hafai wakamwondoa, na hilo atalibeba muda mrefu kuliko vile vitoto sita. Na sungura mama bado yupo pale, kesho asubuhi atataka maji kama jana.

Kabla ya ukurasa huu nilikuwa matroni wa bweni miaka mingi. Tulikuwa na binti mmoja mgomvi, wiki haipiti hajampiga mtu, tukampa kuku. Siku ya kwanza kaingia kwa kishindo kama kawaida yake, kuku wote wakaruka wakajibana kona moja, yeye kasimama katikati na ndoo ya chakula hajui afanye nini. Hakuna aliyemgombeza, hata mimi nilinyamaza. Baada ya muda nikamkuta kachuchumaa, mkono chini umefunguka, katulia kabisa, na kuku mmoja anadonoa kiganjani. Miezi yote ya kumwambia "tulia" haikufanya walichofanya wale kuku asubuhi moja, maana kuku hamnung'unikii wala hamtishii, anakimbia tu ukija vibaya na anarudi ukija vizuri.

Halafu hilo la akasome siyo akasafishe mabanda, mama, huko New York kuna shule inaitwa Green Chimneys, ilianzishwa shambani mwaka 1947, na hadi leo watoto wenye shida za kihisia na za kujifunza wanasoma pale huku wanahudumia wanyama, wakiwemo ndege pori walioumia. Banda pale ni sehemu ya masomo.

Ukienda kumtembelea usianze na mazungumzo mazito, muombe akupeleke ukamuone sungura. Akikataa usimlazimishe, muombe akuonyeshe kitalu chake. Kinyesi cha sungura kinawekwa bustanini moja kwa moja bila kuunguza mimea, siyo kama cha kuku ambacho lazima kioze kwanza, kwahiyo akitaka mbolea itabidi afike bandani akachukue, na akifika atamuona. Kazi ya kurudia iwe moja tu, maji ya asubuhi. Mimba nyingine isubiri mpaka aiombe mwenyewe.

SWALI: Shangazi mimi nina miaka 16, shuleni kwetu ukichelewa au ukipiga kelele unapelekwa bustanini kulima. Mimi bustani naipenda kweli ila nikishika jembe wenzangu wanauliza nimefanya kosa gani. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, hapo waliokosea ni watu wazima. Walimu mnaonisoma, ukishafanya udongo kuwa adhabu umemfukuza mtoto bustanini, tafuteni adhabu nyingine jamani.

Wewe tafuta wenzako wawili, mkaombe kona ndogo isiyohusiana na adhabu, iandikwe majina yenu. Anzeni na lundo la mboji, majani makavu, majani mabichi, samadi kidogo, maji kiasi, liwe na kimo cha kama mita moja kwenda juu na upana hivo hivo. Likikolea, baada ya siku chache katikati joto linaweza kupita nyuzi 55. Chomeka kijiti kirefu mpaka ndani, kiache dakika kadhaa, alafu kichomoe uwape wale wanaokuuliza kosa lako wakishike.