Stillwater na Lumberjack Days: nendeni, ila anzieni mtoni

Mkuu, umeuliza kama inafaa kumpeleka mama na watoto Stillwater, Minnesota, wakati wa Lumberjack Days, tamasha la wakata miti la kila Julai, au ni bembea na vyakula tu. Inafaa sana. Kutoka St. Paul ni kama nusu saa kwa gari, na familia yangu huwa tunaisubiri Julai kwa hamu.

Ila msianzie mjini. Piteni kwanza Boom Site, mahali magogo yalipokuwa yakizuiwa mtoni zamani, kando ya barabara ya 95, kaskazini kidogo ya mji, mshuke muuone mto St. Croix. Mimi nimekulia Mafinga, nimezoea magogo kupanda lori. Huku lori lilikuwa mto wenyewe. Miti ilikatwa majira ya baridi, magogo yakaburutwa na farasi na maksai juu ya theluji hadi ukingoni, na theluji ilipoyeyuka maji yakayabeba. Kwa kuwa kampuni nyingi zilitumia mto mmoja, kila gogo lilipigwa chapa ya mwenyewe. Kuanzia 1856 yalizuiwa hapo kwa safu za magogo yaliyoungwa kukatiza maji, yakachambuliwa chapa kwa chapa, yakapimwa, yakafungwa machelezo na kuteremshwa viwandani. Mchambuzi alisimama juu ya magogo yaleyale yanayoelea, upondo mkononi. Mwaka 1886 yalikwama huko Taylors Falls, juu zaidi ya mto, watu wakamiminika kuja kushangaa! Gogo la mwisho lilipita 1914, misonobari imekwisha.

Waeleze watoto hayo palepale. Baadaye kwenye tamasha, wakiwaona washindani wawili wamesimama juu ya gogo moja majini, kila mmoja akilizungusha kwa miguu mpaka mwenzake atumbukie, watajua huo ulikuwa ustadi wa kumwokoa mtu asizame kazini. Mashindano ya shoka na msumeno nayo yatawakolea.

Waambie pia kwamba misitu hii ilikuwa ya Wadakota na Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku. Mikataba ya 1837, ambayo kwayo waliiachia serikali ya Marekani ardhi hii, ndiyo iliyowafungulia njia wenye mashoka, na kiwanda cha kwanza cha kupasua mbao Stillwater kilianza 1844. Kwangu mimi, kuusimulia mji huu bila watu hao ni kuusimulia nusu.

Mama, akichoka na kelele, mpeleke kwenye daraja la chuma la 1931 ambalo sehemu yake ya kati huinuliwa kupisha mashua. Magari hayapiti tena tangu lile jipya lifunguliwe 2017, kwa hiyo atatembea taratibu mpaka Wisconsin na kurudi. Mchukulie kofia, jua la Julai juu ya daraja lile si mchezo.

Maegesho ndiyo shida kubwa, hasa siku ya gwaride la tamasha. Jitahidini muwe mmefika kabla ya saa nne asubuhi, muache gari mtaa wa juu, mteremke kwa miguu.